Siku Kumi za Kadi ya Njano

Jalada lilikuwa limeshaandikwa neno "marehemu", na hakuna mtu aliyeiona maiti.

Inspekta Elinipa Msangi alilisoma neno hilo mara mbili asubuhi ya Jumatano, kabla hata hajavuta kiti. Ponsiano Tarimo, miaka thelathini na minne, karani wa ofisi moja mjini Kibaha, mkazi wa Tangini. Jumamosi ya tarehe kumi na nne Juni aliondoka nyumbani kwa pikipiki, akamwambia mkewe anakwenda msibani Kisarawe. Hakurudi. Simu haikupatikana. Jumatatu pikipiki yake ikaonekana Masaki, kwenye mikorosho ya Kisarawe, ikiendeshwa na mkulima mmoja aitwaye Masumbuko. Alipoulizwa mwenye pikipiki yuko wapi, Masumbuko alijibu, "Kaniachia nimtunzie tu." Kuanzia hapo akaufunga mdomo wake kama mtu aliyefunga duka.

"Kesho saa nne asubuhi anafikishwa mahakamani," alisema Abdulwahab, mkuu wake wa upelelezi. "Mauaji. Kama una jingine, niletee leo. Niletee mtu au niletee maiti. Hadithi sitaki."

Kesi ya mauaji haina dhamana. Mtu akishaingia kwa mlango huo, hata kama mikono yake ni misafi, anaweza kukaa mahabusu mpaka miche ya mikorosho aliyoipanda mwaka huu ianze kuzaa. Elinipa alilijua hilo, na ndiyo maana hakukaa.

"Kinakusumbua nini, afande?" aliuliza Sajenti Hashiru, akimfuata kwenye korido. Hashiru alibakiza miezi miwili kustaafu, na kila siku iliyopungua ilimwongezea maneno.

"Mswaki."

"Mswaki?"

Elinipa alimwonyesha orodha ya vitu alivyokamatwa navyo Masumbuko. Mikate miwili. Betri za redio. Dawa ya meno. Mswaki mpya mmoja, bado uko kwenye pakiti yake.

"Mtu ameua, amepora pikipiki, halafu jambo la kwanza anakwenda dukani kununua mswaki?"

"Labda alitaka kusafisha ushahidi," alisema Hashiru, akacheka peke yake.

Tangini majirani walishaanza kukaa kwenye mikeka nje ya geti la bluu, ile namna ya watu wanaosubiri kuruhusiwa kulia. Ndani, Bertha, mke wa Ponsiano, alikuwa hajalia. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mwembamba, mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa. Aliwaamkia, akawaketisha, yeye mwenyewe akabaki wima.

"Niulizeni yote, afande. Nilichochoka mimi ni kuhurumiwa."

Elinipa alimpenda hapo hapo.

"Huo msiba ulikuwa wa nani?"

"Alisema baba mdogo wa mwenzake wa ofisini. Nimempigia huyo mwenzake. Baba yake mdogo yuko mzima, anachunga mbuzi."

"Mlikuwa na ugomvi?"

"Hapana. Ila alikuwa na siri. Mwanaume akiwa na siri ya mwanamke nje, unamjua tu. Hii haikuwa ya mwanamke. Alikuwa na furaha ya mtoto aliyeficha pipi."

"Afya yake?"

"Nzima. Isipokuwa Jumatatu ya wiki iliyopita alirudi na mkono unamuuma. Huu wa kushoto, hapa juu. Usiku hakuulalia. Akapata na kijihoma cha siku mbili. Nilipomuuliza, akasema kajigonga kwenye mlango wa ofisini."

"Uliona palipovimba?"

"Hapakuvimba. Kidoti tu, kama ameumwa na mdudu."

Elinipa aliandika: Jumatatu tarehe tisa, mkono wa kushoto, kidoti. Kisha akaomba ruhusa ya kupekua. Bafuni kulikuwa na miswaki miwili kwenye kikombe kimoja. Bertha akasema ndiyo, ule wa kijani ni wa mumewe. Kwenye droo ya kabati kulikuwa na bahasha yenye picha nne ndogo za mandharinyuma ya bluu, zile zinazopigwa kwa ajili ya pasipoti, na juu ya bahasha muhuri wa duka la Evance, Maili Moja. Chini yake daftari la shule. Ponsiano alikuwa amejaza kurasa saba za Kifaransa kwa mwandiko wa kikarani, neno kushoto na maana yake kulia. Bonjour, habari za asubuhi. Combien, bei gani. Cajou, korosho.

"Alisema ni nyimbo za kwaya," alisema Bertha, akisoma juu ya bega lake.

"Mumeo ana pasipoti?"

"Ya nini? Hata Zanzibar hajafika."

Hashiru alikohoa na kutazama dari. Elinipa akafunga droo taratibu.

"Siku aliyoondoka. Kuna chochote kilichokushangaza?"

Bertha alifikiri. "Miwani. Aliisahau mezani. Alikuwa ameshatoka getini, hatua nne tu. Badala ya kurudi kuichukua, akaniita nimpelekee. Nikamkuta amesimama barabarani, kanipa mgongo. Akanyoosha mkono nyuma, akaipokea bila kugeuka."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia ana kiburi." Hapo sauti ya mwalimu ilimpotea kidogo. "Ndilo neno langu la mwisho kwake, afande."

Duka la Evance lilikuwa na mashine ya fotokopi, pazia la bluu la kupigia picha, na bango lisilo na haya lililosema TUNASHUGHULIKIA VIZA NCHI ZOTE. Evance mwenyewe alikuwa na shati lililopigwa pasi na ulimi uliopigwa pasi zaidi.

"Ponsiano? Namfahamu kwa sura. Alikuja hapa mwezi uliopita, alitaka kwenda Benin. Viza ikakataliwa, akakata tamaa. Sijamwona tena."

"Benin ndiyo wapi?"

"Afrika Magharibi, afande. Kanchi kembamba, kamebanwa kati ya Togo na Naijeria."

"Walimkatalia kwa nini?"

"Ubalozi huwa hawasemi sababu."

"Ubalozi ulio wapi?"

Evance alipanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika. "Wa huko huko kwao."

Elinipa alitoka nje, akasimama kwenye kivuli cha bango na kumpigia Stellamaris, rafiki yake wa tangu shule, sasa ofisa wa uhamiaji. Stellamaris alicheka alipoulizwa.

"Benin? Mtanzania haombi viza kwenda kule kwa safari fupi, mama. Waafrika wote wamefunguliwa mlango. Anakwenda na pasipoti yake, tiketi ya kurudi, anuani ya mahali atakapofikia, na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Hiyo kadi wanaiangalia kweli kweli. Nani anakwenda?"

"Mtu aliyeandikwa amekufa. Nitazamie jina."

Baada ya dakika kumi simu iliita. Ponsiano Tarimo alipewa pasipoti mwezi wa pili. Hajatoka nchini, si kwa uwanja wa ndege, si kwa mpaka wowote.

Elinipa alirudi ndani, akavuta kiti cha wapigwa picha na kukaa mbele ya pazia.

"Evance, hongera. Mteja wako amenyimwa viza ambayo haiombwi."

Kijana aliangalia mlango. Hashiru alikuwa amesimama hapo, anasoma bei za fotokopi kwa makini makubwa.

"Aliniapisha, afande," Evance alisema mwishowe. "Alisema mtu yeyote akiuliza, nimwambie imeshindikana. Watu wakisikia unakwenda, kila mmoja ana jicho lake. Wakisikia imeshindikana, wanakuacha. Hata mkewe hakumwambia, alisema atampigia akishafika, maana mkewe ana dada, na dada ana mashoga."

"Anakwenda kufanya nini?"

"Wiki mbili kwenye karakana ya mashine za kubangua korosho. Huku kwetu tunauza korosho ghafi, kule wanabangua wenyewe. Yeye na rafiki yake wa Masaki wanataka kuanzisha kakiwanda. Karakana ilimwandikia barua ya mwaliko. Mimi nilimtafutia tiketi, nikamchapia na mahali pa kulala. Hayo tu. Sikumtoza ya viza, naapa."

Alifungua kompyuta, akawaonyesha tiketi. Ndege ya Jumapili, tarehe kumi na tano, saa kumi alasiri, kupitia Addis Ababa.

"Jumapili hiyo iliyopita?"

"Ndiyo. Yuko kule sasa hivi."

"Hajatoka nchini, Evance."

Evance alikaa. Ulimi wake wote uliopigwa pasi ulikunjamana. "Basi yamemfika," alisema. Hapo Elinipa aliona kwamba alikuwa hajui zaidi.

Abdulwahab aliisikiliza taarifa hiyo kwa furaha ambayo Elinipa hakuitarajia.

"Unaona sasa? Mtu ana safari ya nje, ana dola za safari mfukoni, amewaficha watu wote isipokuwa mmoja. Anakwenda kumuaga huyo mmoja Jumamosi. Jumapili hapandi ndege. Jumatatu huyo mmoja anaendesha pikipiki yake." Alifunga jalada. "Nilikuwa nimekosa sababu ya kuua, umeniletea. Asante, Inspekta."

Hivyo ndivyo upelelezi ulivyo. Unakwenda kumchimbulia mtu njia ya kutokea, unajikuta umemwongezea kina cha shimo. Elinipa alitoka ofisini humo amejikasirikia, akaagiza Masumbuko aletwe.

Masumbuko alikuwa mtu wa miraba minne, mwenye masizi ya mkaa yaliyokataa kutoka kwenye kucha. Wazazi wake walihamia Kisarawe kutoka Usukumani, na bado alikaa kitako kama wachungaji, mgongo umenyooka.

"Nimesikia habari za Benin," alisema Elinipa.

Macho ya Masumbuko yalipanda. "Nani kakwambia?"

"Kwa hiyo unaijua safari."

Masumbuko aliziangalia kucha zake.

"Ponsiano yuko wapi?"

"Mtu hajafa, afande. Nimeshasema."

"Hakupanda ndege Jumapili."

Hapo Elinipa alimtazama usoni kwa makini. Anayeambiwa rafiki yake hakupanda ndege hushtuka. Kama amemuua, hujifanya ameshtuka. Masumbuko hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza tu, "Leo tarehe ngapi?"

"Kumi na nane."

Vidole vyake vilitikisika juu ya goti, kimoja baada ya kingine.

"Kesho jioni nitasema yote," alisema.

"Kesho asubuhi unasomewa shtaka la kuua! Masumbuko, unajua maana yake?"

"Kesho jioni, afande. Si kabla." Akainamisha kichwa kwa heshima.

Elinipa alimkuta Hashiru kantini, mbele ya chai na chapati mbili.

"Mzee Hashiru, wewe ulipelekwa Sudani kulinda amani. Ulichanjwa homa ya manjano?"

"Ningeachaje? Mkono huu hapa. Siku mbili sikuulalia." Akasita, kikombe kikiwa njiani. "Ahaa. Mlango wa ofisini!"

"Ndiyo huo mlango. Mlichanjwa lini?"

"Wiki mbili kabla. Muuguzi alitusomea kama risala, kwamba kadi haihesabiki mpaka zitimie siku kumi tangu sindano. Kuna mwenzetu alichelewa kuchanjwa, tukamwacha uwanjani amekalia begi lake."

Elinipa alichukua kalamu akaandika kwenye karatasi ya chapati, palipokuwa hapajalowa mafuta. Sindano, Jumatatu tarehe tisa. Ndege, Jumapili tarehe kumi na tano. Siku sita.

"Wangemrudisha," alisema Hashiru.

"Wangemrudisha. Kadi yake inaanza kazi tarehe kumi na tisa. Kesho. Masumbuko kahesabu mbele yangu kwa vidole, na mimi nimemtazama tu. Ponsiano aligundua kosa lake akiwa ameshaondoka nyumbani, akasogeza tiketi. Hakufa, mzee. Anasubiri."

"Lakini afande, si angerudi tu nyumbani akasubiri kwa mkewe? Tangini si mbali."

"Miwani."

Hashiru alitafuna, akaacha kutafuna. Uso wake wa utani ukabadilika, maana hata yeye alilelewa na bibi. "Aliyeaga harudi nyuma," alisema polepole.

"Hatua nne tu kutoka getini hakukubali kugeuka. Ukishatoka kwa safari kubwa ukarudi, umeikata mwenyewe. Mtu anayelishika jambo hilo mpaka kwenye miwani hawezi kurudi kulala kitandani kwake siku tano. Amejibanza mahali. Mahali pasipo na mswaki wake, kwa sababu ule wa kijani aliuacha kwenye kikombe ili mkewe asishtuke."

"Nyumba ya Masumbuko ilipekuliwa Jumatatu. Hakukuwa na mtu."

Elinipa alikuwa ameshafungua nakala ya taarifa ya ukamataji. Masumbuko alisimamishwa kwenye njia ya mashambani, mita mia tatu mbele ya nyumba yake. Alikuwa ameipita bila kusimama, na mikate mkononi.

"Mbele ya pale kuna nini?"

"Mikorosho," alisema Hashiru, akisoma begani pake. "Na shamba la mama yake."

Waliingilia Kiluvya, wakatokea Kisarawe mjini, wakaacha lami. Saa tisa na nusu walikuwa Masaki, gari likipita katikati ya mikorosho iliyopuliziwa salfa, majani yakiwa na vumbi la njano linalowasha pua. Njia ilipokuwa nyembamba mno walishuka wakatembea. Mbele yao mwendesha bodaboda aliyebeba magunia matatu ya mkaa aliwaona, akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli upande mwingine.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, ua wake umefagiwa vizuri. Redio ndogo ilikuwa ikisema peke yake. Kwenye kibanda cha jiko, juu ya kigoda, mwanaume mwenye miwani alikuwa akipasua korosho zilizochomwa kwa kijiwe, anatoa kokwa nzima nzima na kuzipanga kwenye ungo, huku akinong'ona, "Combien? C'est combien?"

Hashiru alimgusa Elinipa kiwiko. "Afande," alisema kwa sauti ya chini, "marehemu anabangua korosho."

Elinipa alitaka kucheka na kumzaba huyo marehemu kofi, vyote kwa pamoja. Kabla hajafanya lolote, mwanamke mzee alitokea mlangoni na kusimama kati yao na kibanda. Alikuwa mama yake Masumbuko, na alikuwa ameelewa sare ya Hashiru kabla haijasema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Kisha kwa haraka, chini chini, "Kama mmekuja kwa habari ya Masumbuko, tuongelee kule nyuma. Huyu asisikie."

"Hajui?"

"Nilimwambia mwenzake kaenda Mzenga kutazama mkaa. Kesho anasafiri. Msafiri hapewi habari mbaya, mwanangu, ataibeba njia nzima. Masumbuko mwenyewe alinitumia mtu tangu Jumatatu usiku: mama, mgeni asiambiwe, mpaka aondoke."

"Na mwanao?"

"Wamemshika kwa ajili ya pikipiki. Si ya wizi, watamwachia. Ni suala la kuvumilia tu."

Elinipa alishusha pumzi. Katika kazi yake alishawahi kuwaambia watu wengi mambo mengi, na hili hakulipenda.

"Mama, hajashikwa kwa pikipiki. Kesho asubuhi anashtakiwa kwa kumuua huyo mgeni wako."

Mama Masumbuko alimtazama, akageuka akamtazama Ponsiano, ambaye kwa siku nne alikuwa akimpikia ugali wa muhogo na kumtandikia kitanda cha mwanawe. Mkono wake ulitafuta ukuta. Alitembea mpaka kibandani, akamnyang'anya Ponsiano kile kijiwe, akakiweka chini.

"Simama," alisema. "Umeuawa na mwanangu. Nenda ukamtoe."

Ponsiano alieleza akiwa anavaa viatu, maneno yakigongana. Jumamosi alisimama Kisarawe mjini kunywa soda. Akatoa kadi yake ya njano aifurahie kidogo, akavaa miwani, akasoma maandishi madogo. Siku kumi. Kijasho kikamtoka. Akalipigia simu shirika la ndege, wakamsogezea tiketi mpaka Alhamisi saa kumi alasiri, kisha akaizima simu ili asidanganye zaidi. Pikipiki akamwachia Masumbuko amfanyie safari za dukani.

"Sikujua, afande. Wallahi... Mungu wangu, sikujua. Niliona siku zinakwenda, mwenzangu haonekani, naambiwa yuko Mzenga, nikasema labda amenichoka." Alishika begi lake, akaliachia, akalishika tena. "Nikienda Kibaha sasa, nimerudi."

"Naweza kukupiga picha umeshika gazeti la leo," alisema Elinipa, "na mkuu wangu atasema picha ni hadithi. Ameomba mtu. Uamuzi ni wako."

Alisema hivyo ili amsikie atakavyojibu. Ponsiano alikuwa ameshatoka uani, begi begani, soksi mkononi, anatembea mbele yao kuelekea kwenye gari, na alikuwa anaelekea nyuma, kule alikotoka.

Garini Elinipa alimpa simu. "Mpigie mkeo."

"Nitamwambia nini?"

"Kwamba u mzima. Mengine mtayamaliza wenyewe."

Bertha alipokea, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha sauti yake ikasikika gari zima. "Ponsiano, nimeazima masufuria makubwa mawili kwa ajili yako. Sasa nitayarudishaje?" Na ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Jua lilikuwa bado halijazama walipoingia kituoni. Abdulwahab alimzunguka Ponsiano mara moja, akalinganisha uso na pasipoti, akafungua kadi ya njano na kuhesabu tarehe kwa midomo. Halafu akachukua kalamu, akalikata lile neno kwenye jalada kwa mstari mmoja mnene, akasaini pembeni. Hakuomba radhi, lakini alimvutia Elinipa kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Masumbuko aliletwa kaunta kusaini vitu vyake. Alipomwona Ponsiano alisimama ghafla. Hapakuwa na kukumbatiana. Uso wake ulijaa hasira ya mtu aliyeharibiwa shamba.

"Umerudi kufanya nini?"

"Nimekuja kukutoa."

"Nani alikwambia? Nilikataza! Nilibakiza siku moja, Ponsiano. Siku moja! Nilikuwa nimekaa vizuri tu."

"Ungeshtakiwa kwa kuua, wewe."

"Kumuua nani, na mtu yuko hai? Ungefika kule kesho kutwa ungenipigia, ningewapa hawa simu waisikie sauti yako, kesi imekwisha. Nilipiga hesabu zote."

Elinipa alipokea bahasha ya vitu kutoka kwa askari wa zamu. Alitoa simu ndogo ya vitufe, akaiweka juu ya kaunta mbele ya Masumbuko.

"Ungepigiwa kwenye hii?"

Masumbuko aliitazama. Kioo kilikuwa cheusi.

"Imezimwa tangu Jumatatu," alisema Elinipa. "Vitu vya mahabusu hufungiwa stoo. Angepiga wiki mbili nzima, asingekupata. Na wewe usingekuwa hapa tena. Ungekuwa gerezani, unasubiri tarehe ya kesi."

Masumbuko aliichukua simu kwa mikono yote miwili. Alibonyeza kitufe, hakikuwaka, akabonyeza tena. Kisha akakaa pale pale kwenye sakafu ya kituo, mgongo ukiwa umejikunja. Ponsiano aliweka begi chini na kukaa karibu naye.

"Ndege ni saa ngapi?" aliuliza Masumbuko.

"Kesho saa kumi alasiri. Lakini safari yenyewe nimeshaikata. Nimerudi."

"Basi anza nyingine," alisema Masumbuko. Alijipangusa uso kwa mkono wenye masizi, ukabaki mstari mweusi shavuni. "Nenda Tangini ukamuage mkeo. Mwambie unakokwenda, unakwenda kufanya nini na unarudi lini. Na useme kwa sauti, majirani wote wasikie."